Nahodha, Baharia na Daftari

Wavuvi wa Amu wanaporudi pwani na chombo chao, samaki humwagwa mchangani mbele ya macho ya wote. Hapana ajificharaye kuhesabu. Huondolewa kwanza gharama za safari, kisha pato hugawanywa mafungu: fungu la chombo, ambalo ni la mwenye mali, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Hiyo ndiyo desturi ya vyombo vya mwambao wetu tangu zama, viwe vya uvuvi ama vya shehena. Baharia hapokei mshahara. Hupokea fungu, na fungu lake analijua kabla ya kutia mguu chomboni.

Nahodha huyohuyo, chombo kikiwa bahari kuu, hana mpinzani. Akiamuru tanga lishushwe, hushushwa papo hapo. Hapana baraza la kujadili upepo. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Babu yangu alikuwa baharia, na alikuwa akimwita nahodha wake “baba” ijapokuwa walipishana miaka michache tu. Lakini nilipomuuliza, nikali mtoto, kwa nini alimwamini mtu yule hata akampa roho yake katika msimu wa kusi, hakunijibu kwamba nahodha alikuwa mpole, wala kwamba alimpenda kama mwanawe. Alinijibu neno moja: “Hesabu yake ilikuwa wazi, mjukuu wangu.”

Nimelikumbuka jibu hilo kila nilipoingia katika ofisi ambamo mkuu huitwa baba na wafanyakazi huitwa watoto. Katika nchi yetu ofisi za namna hiyo ni nyingi, na shule ni nyingi zaidi. Mkuu wa kazi hujiona mzazi: hukopesha, huhudhuria mazishi, huoza mabinti wa watu, hukaripia, huadhibu na husamehe. Je, uongozi wa namna hii huzaa imani miongoni mwa wafanyakazi, ama huzaa kitu kingine kinachofanana na imani kwa sura tu? Hilo ndilo swali la leo, nami naliuliza mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu wao ndio wanaoliishi kila siku.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, na nianze na maneno. Kiswahili kina ukoo mmoja wa maneno uliotokana na mzizi wa Kiarabu: amini, imani, amana, amani, uaminifu. Ukilisikiliza neno “mwaminifu” katika mazungumzo ya kazini, utaona kwamba aghalabu husemwa juu ya aliye chini. Mpishi mwaminifu, karani mwaminifu, dereva mwaminifu. Ni nadra kumsikia mtu akisema, “Nina mwajiri mwaminifu.” Uaminifu tumeufanya kuwa kodi inayotozwa kwa wadogo na kupokewa na wakubwa. Ilhali “amana”, ambayo ni nduguye, hutufundisha kinyume chake: amana ni mali ya mtu uliyowekewa, na wajibu wote uko juu ya yule aliyewekewa, si juu ya mwenye mali. Mfanyakazi anayempa mkuu wake imani ameweka amana. Mwenye kudaiwa hapo ni mkuu.

Tena tazama “mwajiri” na “mwajiriwa”. Tofauti yao ni kijisehemu kimoja tu cha kauli ya kutendwa. Na “mtumishi” na “mtumwa” wote wawili wamezaliwa na kitenzi kimoja, tuma. Lugha haikutaka kutusingizia. Imehifadhi tu kumbukumbu ya jinsi kazi ilivyokuwa. Sisi watu wa Amu hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta kumbukumbu hiyo. Mashamba ya bara yetu yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika nchi hii hadi mwaka 1907. Katika nyumba za mawe aliishi mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa mumo humo nyumbani kwa bwana wake, akalelewa pamoja na watoto wa nyumba, akapendwa pengine, akavishwa sikukuu, na asiwe huru. Hapo ndipo tujifunze kwamba mapenzi ya mwenye nyumba na haki ya anayemtumikia ni vitu viwili mbalimbali. Cha kwanza chaweza kuwapo bila cha pili, kwa miaka na mikaka.

Sitaki msomaji adhani nasema ya vitabuni peke yake. Miaka ishirini hivi iliyopita, kabla sijaingia chuo kikuu kufundisha, nilikuwa mwalimu katika shule moja ya mwambao. Mkuu wa shule tulimwita Baba, nasi hatukumwita hivyo kwa kejeli. Mshahara ulipochelewa alitukopesha kutoka mfukoni mwake. Mwalimu alipougua alimpeleka hospitali usiku kwa mashua ya kukodi. Nilipofiwa na mama yangu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika matangani, na aliketi jamvini hata hitima ikasomwa. Sijausahau wema huo, wala sitausahau.

Palikuwapo mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, kijana hodari aliyetoka katika vijiji vya kisiwa cha Pate. Aliomba nafasi ya kuendelea na masomo. Jibu lilikuja kwa anwani ya shule, nalo likaingia mkononi mwa Baba, na Baba akalitia mtotoni mwa meza. Kijana alingoja. Kila alipouliza aliambiwa subira yavuta heri. Siku moja karani akitafuta risiti akaiona barua, muda wa kuripoti chuoni ukiwa umekwisha kupita. Mkuu hakukana. Alisema kwa sauti ya upole kabisa: “Mwanangu, ungalikwenda, watoto hawa wangalifundishwa na nani? Na karo ungaliipata wapi? Nimekuhurumia.” Naamini mpaka leo kwamba alisema kweli, alimhurumia. Kijana aliinamisha kichwa akajibu, “Ahsante, mzee wangu,” akatoka.

Toka siku hiyo hapana mwalimu aliyeitumia anwani ya shule. Kila mmoja alijitafutia sanduku la posta kwa jamaa zake. Katika mikutano ya walimu tuliketi kimya. Baba alisema, sisi tukaitikia. Aliyekuwa na shauri jema alilimeza. Aliyeona kosa katika ratiba aliliacha liende. Na Baba, maskini, alifurahi. Aliwaambia wageni waliotutembelea kwamba shule yake ina heshima na utulivu. Hakutambua kwamba ile aliyoidhani heshima ilikuwa ni imani iliyokufa ikavishwa sanda nyeupe.

Hapana shaka yupo msomaji atakayeniambia: “Bwana mwalimu, unataka kutuletea mikataba baridi ya Wazungu. Sisi tuna ubinadamu wetu. Mkataba haumziki mtu.” Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau, kwani niliyekwisha kusema juu ya matanga ya mama yangu ni mimi mwenyewe. Mfanyakazi hana bima ya kutosha, mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, na mgonjwa wa Kizingitini ama Faza ana bahari kati yake na hospitali kubwa. Katika hali kama hiyo, mkuu anayetazama shida za watu wake si anasa, ni stara. Asiyejali kabisa, anayeijua namba ya mfanyakazi wala hajui jina la mkewe, haaminiki zaidi kwa sababu tu ameweka kila kitu katika maandishi.

Wataalamu waliochunguza jambo hili nao hawakulikataa kwa jumla. Farh na Cheng, walioandika mwaka 2000 kuhusu uongozi wa kibaba katika kazi za Wachina, waliugawa katika sehemu tatu: ukali wa amri, wema wa kumtazama mtu na maisha yake, na mwenendo mwema wa kiongozi mwenyewe. Uchunguzi mwingi uliofuata umeelekea upande mmoja: wema na mwenendo mwema huandamana na imani ya wafanyakazi, na ukali wa amri aghalabu huipunguza. Kwa hiyo lile tunaloliita “ubaba” si kitu kimoja. Ni kamba ya nyuzi tatu, na mwenye hekima hujua uzi upi unabeba na upi unakata.

Hata hivyo naona kwamba mgawanyo huo, ijapokuwa ni mzuri, umeacha uzi wa nne, nao ni ule wa daftari. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wema nao ni mali. Wema usioandikwa, usio na kipimo, usiojulikana mpaka wake, hugeuka deni lisilokwisha. Mpewa hajui amelipa kiasi gani wala amebakiwa na kiasi gani. Anajua tu kwamba anadaiwa, na mdaiwa hana mdomo.

Bahari yenyewe ina ushahidi wa hayo, nisije nikaonekana nimeisifu kupita kiasi. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, likaja hadi mwambao wetu na kupakia boriti katika mlango wa Rufiji. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 alieleza jinsi mabaharia walivyopewa pesa mapema na nahodha, na nahodha naye akakopeshwa na matajiri wa mjini, hata kila mtu akawa amefungwa na deni la aliye juu yake. Mafungu yaligawanywa, naam, lakini deni lilikwisha kuyala kabla hayajagawanywa. Nahodha alikuwa mlezi wa watu wake, akawalisha na kuwatunza, na baharia hakuweza kumwacha.

Kwetu Amu mfano wake tumeuona katika kazi ya mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika wilaya yetu ya zamani, ambayo leo ni kaunti, na kabla serikali haijapiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda nchi za nje mwaka 1982, majahazi ya Ghuba yalikuwa yakizifuata huku. Mkataji huingia msituni kwa majuma kadhaa akiwa amepewa posho na mwenye leseni: unga, mchele, sukari, pengine na pesa za kuwaachia watoto. Akirudi, miti huhesabiwa kwa korija, miti ishirini kwa korija moja, ikipambanuliwa pau, mazio, boriti na nguzo, kisha posho ikakatwa. Mwenye leseni akiwa na daftari ambalo mkataji aweza kulisoma ama kusomewa na mwanawe wa shule, posho ile ni msaada. Daftari likiwa kichwani mwa tajiri peke yake, posho ileile ni kitanzi. Chakula ni kilekile, mkono unaotoa ni uleule, na pengine moyo nao ni uleule. Kilichobadilika ni daftari.

Na tuvuke sasa kutoka msituni mpaka serikalini, kwa maana serikali ndiyo mwajiri mkubwa wa walimu. Kizazi changu kilikunywa maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulianza mwaka 1979, na nikiwa shule ya msingi nilisimama foleni kuyapokea kama watoto wenzangu. Nyimbo tulizofundishwa zilimsifu kiongozi wa nchi kuwa baba, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa. Lakini mwaka 1997, nikiwa sekondari, madarasa yetu yalibaki bila walimu. Chama cha KNUT kiliitisha mgomo mwezi Oktoba, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, na serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa. Zilizobaki zikaanza kusukumwa, na mwaka uliofuata walimu wakagoma tena. Madai ya mwaka 1997 yaliendelea kufufuka katika migomo ya mwaka 2002 na hata mwaka 2013.

Nini kiliwauma walimu zaidi? Si uchache wa pesa peke yake, maana mwalimu wa Kenya uchache ameuzoea. Ni kuambiwa na mzazi “nitakupa”, likaandikwa hata likatangazwa katika gazeti rasmi la serikali, kisha mzazi akageuka akamwita mwana mkaidi kwa kuliuliza. Hapo daftari lilikuwapo, lakini baba aliona ni utovu wa adabu kwa mwana kulifungua. Na imani iliyovunjika mwaka huo haikuvunjika kwa mwaka mmoja. Kila mazungumzo ya mishahara yaliyofuata yaliingia chumbani yakiwa na kovu hilo.

Visiwa vyetu vimeyaona hayo kwa namna nyingine pia. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na nafasi ya kwanza ya kuegesha meli ikafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Bahari ni mahali pa kazi pa mvuvi kama darasa lilivyo mahali pa kazi pa mwalimu. Wavuvi waliahidiwa neema: kazi kwa vijana, masomo, maendeleo. Hawakuulizwa ipasavyo, wala hawakuelezwa ipasavyo. Wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwamo haki ya kupata habari na kushirikishwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ina funzo kwa kila mwenye kuongoza watu: ahadi ya neema haitoshi kuwa badala ya kumwuliza mtu juu ya riziki yake.

Basi tufanye nini? Simwambii mkuu wa shule aache kuhudhuria mazishi. Na aende, na akopeshe akiweza. Namwambia aweke daftari mahali penye mwanga. Barua ya mwalimu imfikie mwalimu siku ileile, hata kama habari yake itamtia mkuu hasara. Sababu za kumpa huyu cheo na kumnyima yule zisemwe, tena zisemwe kabla ya kuulizwa. Matumizi ya pesa za shule yasomwe mbele ya walimu kama samaki wanavyomwagwa mchangani. Mkopo wa mfukoni usitumiwe kumfunga mtu mdomo mkutanini. Na mkuu akikosea, akiri, kwani wahenga walisema mkubwa ni jalala: hurundikiwa malalamiko, na hiyo ni sehemu ya ukubwa wake, si tusi.

Walimu nasi tuna sehemu yetu. Sisi ndio akina baba na mama wa darasani, na yale tunayoyalalamikia ofisini mara nyingi huyatenda mbele ya wanafunzi. Ni wangapi kati yetu hurudisha mtihani uliosahihishwa pamoja na maelezo ya alama? Ni wangapi humruhusu mwanafunzi kuuliza, “Mwalimu, hapa nimekosa nini?” bila kumwona mjeuri? Mtoto aliyefunzwa miaka kumi na miwili kwamba kuuliza ni ukosefu wa adabu hawezi kuwa mfanyakazi anayejua kuamini. Atakuwa mfanyakazi anayejua kunyamaza. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kuuliza kwa adabu, maana adabu na swali havigombani. Mabaharia wa babu yangu walimwamkia nahodha wao kwa heshima zote, kisha wakakaa kitako wakahesabu mafungu.

Kiswahili kina kauli iitwayo kauli ya kutendana. Tumezoea kuamini na kuaminiwa, mmoja juu na mmoja chini. Kazi iliyo mbele yetu ni kuaminiana, na kitenzi hicho hakikubali mtendaji mmoja.

Yule mwenzetu wa hisabati hatimaye alisoma, lakini miaka sita baadaye na kwa njia nyingine, na shule ile hakurudi. Tulipoonana Amu katika siku za Maulidi nilimuuliza kama bado ana kinyongo na Baba. Alitikisa kichwa. “Alinipenda,” alisema. “Ila sikuweza tena kumwachia kitu changu mkononi.”